Fundi Anayegonga Bila Sauti

Saa tatu asubuhi, na mtaa wa kale ndio kwanza unafungua milango. Bustanini mipira ya maji inanyunyizia nyasi. Wageni wanashuka kwenye mabasi, wanapiga picha langoni, wanapita kwenye maduka ya kofia na vikapu, kisha wanaingia kwenye jengo refu lenye kibao: Makumbusho ya Soko la Mafundi.

Chumba cha pili, nyuma ya kamba nyekundu, mzee wa miaka sitini na moja amekaa kitako mbele ya fuawe, chuma cha kugongea. Mkono mmoja umeshika sufuria ya shaba, wa pili umeshika nyundo. Anagonga kwa bidii yote, lakini nyundo haitoi mlio.

Nyundo yake ni ya mpira. Mlio unaosikika chumbani unatoka kwenye spika ya darini, kwenye kanda ya nyundo yake halisi iliyorekodiwa siku za mwisho za soko. Nayo imepunguzwa sauti, wageni wa hoteli ya jirani wasije wakasumbuka.

"Nikikosea naambiwa," anasema fundi huyo wakati wa chai. "Yule binti anayetembeza wageni hunikonyeza: baba, umeachwa nyuma. Mimi! Nimeachwa nyuma na nyundo yangu mwenyewe!"

Anacheka, ila macho hayacheki. Mwisho wa kanda mtu anakohoa, na wageni huona hapo ndipo penye raha. Anayekohoa ni kaka yake, ambaye sasa ni marehemu. Kutwa nzima fundi anamsikia akikohoa, kisha kanda inarudi mwanzo.

Kabla mtaa haujawa kivutio, humu walijazana mafundi wa bati na shaba wapatao arobaini. Mama aliyetobokewa na sufuria aliijua njia. Hoteli ilipofunguliwa, kelele ikageuka kosa. Mafundi wakaambiwa wahamie nje ya mji, jengo likapakwa rangi, na nafasi moja ikatangazwa: fundi mmoja abaki, aoneshe wageni kazi ilivyokuwa.

Mafundi walikaa kikao wakaafikiana kwamba hakuna atakayeigusa nafasi hiyo. Tukihama, tuhame wote. Aliyeisimamia kauli hiyo kwa ukali alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyechangia naye kibanda tangu ujana wao. Haikupita wiki, fundi wetu akaenda ofisini peke yake, kimyakimya, akaichukua.

"Mama watoto alikuwa anaumwa, na pale kuna mshahara," anasema, kisha anaweka kikombe chini. "Lakini nisikudanganye. Hata asingeumwa ningekubali tu. Nilizoea hapa. Nikaona heri nibaki, wao wanune."

Na kweli walinuna. Shemeji hajakanyaga kwake tena. Mkewe akienda kuwasalimia ndugu zake huenda peke yake, na akirudi hasimulii. Mafundi wenzake wamembandika jina, Mzee wa Kamba.

Angalau kazi ilikuwepo. Miezi miwili iliyopita ikaingia mchanga.

Katika kabati la kioo lililo mbele yake kulikuwa na birika kuukuu la shaba, chini lina tundu. Alilitazama kila siku, na kila siku lilimkera. Siku moja kabati likafunguliwa lifanyiwe usafi. Jioni fundi akaondoka na birika ndani ya mfuko wa nguo. Asubuhi alilirudisha likiwa limezibwa tundu kwa risasi iliyoyeyushwa na kusuguliwa mpaka ukitaka unaweza kujitazama uso.

"Nikalijaza maji, nikamwita mhifadhi. Nikamwambia, mwanangu, njoo uone, tone halitoki."

Mhifadhi hakufurahi hata kidogo. "Lilikuwa birika pekee la zama zile tulilobakiwa nalo," anasema. "Masizi yale, mikwaruzo ile, ndiyo iliyotuambia lilitumikaje. Ameyasugua yote. Mzee nampenda, lakini siku ile nililia."

"Nilimwona analia, nikajua nimeharibu," anasema fundi. "Ila mpaka leo sijaelewa nimeharibu nini. Kitu kimetoboka, mimi ni fundi, nikiangalie tu?"

Akaachishwa kazi, na mwisho wa mwezi huu anaondoka. Pale kwenye fuawe litakaa sanamu la nta lenye mota mkononi. Walishakuja kumpima mabega, tena bila haya wakaomba na shati lake. Akawapa.

Tumaini lake sasa ni moja: kurudi kwa wenzake. Lakini kule kibanda hakipatikani mpaka mafundi wenyewe waridhie, na hakuna atakayeridhia kama shemeji amekataa.

"Hata wakiniweka kando ya choo nitakaa," anasema. "Nikitukanwa, nitatukanika, stahili yangu. Ninachotaka nigonge kitu, kiitike. Namba ya shemeji ninayo, uso wa kumpigia ndio sina. Wewe ukifika kule, niombee."

Kwa hiyo mwandishi wa habari hii akafunga safari hadi eneo jipya. Vibanda vimejipanga vizuri, vingi vimefungwa kwa kufuli zilizoshika kutu. Huku hakuna aliyekataza kelele, lakini kimya chake kinatisha. Mabasi hayafiki, na sufuria za kiwandani zinauzwa kila kona ya mji. Mafundi wanne wanacheza karata juu ya debe.

Shemeji mtu ni mmoja wao. Anavutwa pembeni, anasikiliza yote: birika, sanamu, ombi la kusamehewa. Anakuna kidevu. Mtu angetarajia matusi.

"Nafasi?" anasema, akionyesha vibanda vitupu kwa mkono. "Aje achague. Na dada yangu mwambie nawasalimu."

Ingekuwa vizuri habari iishie hapo. Lakini mwandishi alipoaga, shemeji huyo alimsindikiza hadi barabarani, akageuka kuangalia kama wenzake wanasikia.

"Hilo sanamu," akauliza kwa sauti ya chini, "limeshafika, au bado mtu anaweza kwenda kuongea nao kuhusu ile nafasi?"