Paja la Pili

Shughuli ya binti wa Mama Zuhura wa Isevya ilifana, isipokuwa kuku wa bwana harusi alifika mezani na paja moja. Mimi, mpiga video, nilisifiwa kwa adabu, maana kila nilipokaribishwa chakula nilijibu: "Asante mama, nikiwa kazini sili." Mama Zuhura akaniahidi na kazi ya harusi ya binti wa pili.

Wakati wa kuhariri, kati ya ukumbi na jikoni niliweka mpito wa kufuta, ule ambao picha mpya huifuta ya zamani kuanzia kushoto. Mtoto wa reli mimi, nikaurefusha upite taratibu kama behewa linaloondoka stesheni. Sikujua kwamba mpito mrefu hurudisha sehemu uliyokata mwanzoni mwa kipande kinachofuata. Nami nilikuwa nimekata pale kamera iliponinasa peke yangu jikoni.

Siku ya kuonyesha video, sebuleni kwa Mama Zuhura, mbele ya ukoo mzima, bibi harusi akafutika taratibu. Ikatokea sufuria, ukatokea mkono, kisha mimi nimechuchumaa, mashavu yamevimba.

"Huyo si fundi asiyekula kazini?" akauliza dada wa bibi harusi.

Mama Zuhura akasimamisha picha, akaisogelea televisheni.

"Mwiteni bwana harusi," akasema. "Paja lake limeonekana."