Mbingu ya Fundi wa Paa

Tangu mume wangu aanguke kazini, nyumba yetu haikuwa na amani. Mguu ulishaunga, vidole vya mkono vilianza kushika tena, lakini mwenyewe hatulii. Na mkongojo wake, chumbani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka chumbani, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku ile nilimwambia bati limelowa, asipande. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lenyewe ndilo hilo. Nilishaapa: kupanda paa tena, labda nife kwanza. Yeye hakusema atapanda wala hatapanda. Hilo ndilo lililonitafuna.

Mtaalamu wa mazoezi kule hospitali alimpa brashi na wino mweusi ili vidole vilainike. "Chora chochote, hata mbingu." Jamani, bora asingesema. Mwanamume akachora mbingu, akaichana, akachora nyingine, akaichana. Meza yangu ya kushonea ikajaa madoa. Nikamwambia hiyo meza ndiyo inayotulisha, aiheshimu.

Ya mwisho hakuichana, aliibandika ukutani. Weusi mtupu, brashi juu ya brashi, ila katikati aliacha mstari wa karatasi nyeupe, haukuguswa hata na tone. Kila mgeni akaja na maana yake. Wifi yangu akasema ni mawingu ya mvua. Mtaalamu akasema weusi ni maumivu, mstari ni matumaini. Mimi niliona woga, na moyoni nikafurahi, maana mwoga hapandi.

Akaja Mrefu, fundi mwenzake, ambaye kwa kimo ananifika begani. Akaitazama picha, akaacha kucheka.

"Kumbe bado unaliwaza lile bati?"

"Bati gani?" nikadakia.

Wakatazamana. Nikaweka mkasi chini. "Nimeuliza, bati gani?"

Mume wangu akagusa ule weusi. "Mama watoto, hii siyo mbingu. Hili ni paa, ukilitazama ukiwa chini. Nilipita katikati ya boriti, nikaangukia sakafuni chali. Mbingu ni hapo peupe tu. Bati moja nililibakiza." Akashusha mkono. "Wenye nyumba wameziba kwa turubai. Kila mvua ikinyesha najua inawavujia, na mimi nimekaa hapa."

"Nilitaka nikalimalizie," Mrefu akasema, "akanitimua."

Hasira zilinipanda, halafu zikaniishia zote. Kumbe nilikuwa nagombana na mtu ambaye hajamaliza kazi yake.

"Inukeni," nikasema. "Tunakwenda sasa hivi."

Tulipofika kwenye nyumba ile, Mrefu akasimamisha ngazi ukutani. Mume wangu akaitikisa kuona kama imekaa sawa, akaweka mguu kwenye kipago cha kwanza. Roho ilinitoka, lakini nikafunga mdomo wangu. Alisimama hapo muda. Kisha akashusha mguu, akampa Mrefu nyundo, akaingia ndani na kulala chali palepale alipoangukia. Nikakaa sakafuni kando yake.

Turubai likavutwa, mbingu ikaonekana. Misumari ikaanza kulia. Mwanga ukapungua, ukawa uzi, ukaisha.

"Ngazi yangu mwambie Mrefu aichukue yeye," mume wangu akasema. "Mimi kupanda basi."

Neno hilo nililiomba kila siku. Nililia mpaka Mrefu akashuka mbio kuuliza nani kaumia.