Karani wa Siku Zilizopotea

Kitu cha kwanza alichokiona mshona vifungo ni mifuko ya koti la karani. Saa mbili asubuhi, karani wa Idara ya Kazi amesimama mbele ya geti la kiwanda cha nguo, anahesabu wagomaji kabla ya kuandika majina yao. Kila akifika kumi, anatoa njiti ya kiberiti mfuko wa kulia na kuitia wa kushoto.

Ni mwaka wake wa ishirini na sita katika kazi hii. Idadi ya watu mara idadi ya siku: ndizo siku za kazi zilizopotea, zinazoingia kwenye rejista ya serikali.

"Meneja ataniambia thelathini, chama kitaniambia elfu," anasema. "Kwa hiyo nakuja mwenyewe."

"Mzee, usituhesabu kama mbuzi!" anatania mpiga pasi mmoja.

"Mbuzi wangetulia, mama."

Anapata 211.

Mshona vifungo hayumo. Ana miaka kumi na tisa, shule aliiachia darasa la tano, na mbele za watu ulimi humganda. Siku zote nne za mgomo amesimama ng'ambo ya barabara, ameegemea ukuta. Jina likiingia kwenye rejista, mgomaji hafukuzwi. Lisipoingia, kukosa kazini kuanzia siku tatu ni utoro, na kazi imekwisha. Nyumbani, wadogo zake wawili wanamtegemea yeye.

Mpiga pasi anavuka barabara, anamshika mkono. "Twende, mdogo wangu. Karani yule hali watu."

"Huyo mtoro!" meneja anadakia kutoka ndani ya geti. "Hata na wenzake hakusimama."

Wanapomfikia, karani anavua miwani. "Binti yangu, mtoro hana sababu, mgomaji anayo. Fomu yangu ina nafasi ya kuandika sababu. Wenzako wamesema mshahara. Wewe je?"

Karani hamharakishi. Anafuta miwani, anaivaa tena.

"Nataka kurudi kwenye vifungo vyangu," anasema binti, akitazama viatu vyake.

"Utarudi, Mungu akipenda. Lakini kilichokutoa ni nini?"

Anainua uso.

"Choo kinafungwa," anasema, na sauti inafika hadi ndani ya geti. Wanawake waliogoma wanageuka kumtazama. Karani anakata 211, anaandika 212. "Ufunguo anao msimamizi," binti anaendelea, "na mpaka umbembeleze. Mwaka wa pili huu, baba, nikiwa kazini sinywi maji."