Mama Mkwe Ndani ya Kikapu cha Mjerumani

Aibu nyingine mtu anaweza kuificha, akabadilisha njia ya kupita, akangoja walioiona wasahau au wafe mmoja mmoja, lakini ya kwangu ilikuwa na matarumbeta, na aibu yenye matarumbeta haifichiki, kwa hiyo naona heri niisimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa watu wa Makambako, maana wale wanaongeza. (Wanasema niliingia kilabuni na mchungaji. Si kweli. Mchungaji alikuwa kanisani anatungoja.)

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini spana nimeshika zaidi ya miaka arobaini, kwanza kwenye mashine za kupasua mbao, halafu nikafungua kibanda changu hapa Mjimwema, Njombe, natengeneza pikipiki, na ndivyo nilivyokutana na Klausi. Klausi ni Mjerumani, alikuwa dereva wa treni huko kwao, akastaafu, mkewe akafariki, akaona uzee wake aje kuumalizia huku, kwa sababu ujanani aliwahi kupita milima hii akifundisha useremala na hakuisahau. Wenzake wakistaafu wanakuja na masanduku ya nguo, yeye alikuja na kontena lenye pikipiki kuukuu tano, na ninaposema kuukuu nina maana nyingine zimemzidi umri yeye mwenyewe, naye ana miaka sabini na tatu. Tulimcheka sana. Mtu anaikimbia baridi ya Ulaya anakuja kustaafia Njombe, mahali ambapo mwezi wa sita majani yanaamka meupe? Siku moja nikamuuliza, akasema kule kwao pikipiki zilikuwa zimelala bandani kama maiti, ukiwasha moja jirani anafunga dirisha, huku ukiwasha moja jirani anatoka nje kuangalia. Nikaona ana akili.

Katika zile tano, mbili zina kile kigari cha ubavuni, chenye kiti kimoja na gurudumu lake moja, kimefungwa kwenye pikipiki kwa vyuma na bolti. Sisi tulikiita kikapu, na Klausi mwenyewe akaishia kukiita kikapu. Kwao wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo kikapu nacho kiko kulia, yaani huku kwetu aliyekaa humo anasalimiana na malori uso kwa uso. Moja ni ya kijani, ya kijeshi, imebonyea tenki. Nyingine ni nyeusi, inang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu kwenye eksozi yake.

Sasa sikilizeni. Shemeji yangu Festo, kaka wa mke wangu, anakaa Makambako, na Jumamosi moja baada ya Pasaka alikuwa anamwoza binti yake. Akaomba kikapu kitangulie msafara wa bibi harusi, watu waone. Klausi akakubali, aendeshe mwenyewe. Kumbe Ijumaa ya kuamkia harusi mgongo ukamshika, nikamkuta kitandani, chupa ya maji ya moto chini ya kiuno.

"Nenda wewe, Augustino," akasema. "Chukua ya kijani. Ya kijani! Nyeusi bado."

Nilisikia. Sitadanganya kwamba sikusikia. Ila neno bado ndilo Kiswahili Klausi anachokipenda kuliko chote, chai bado, mvua bado, hata kuku aliyekwisha kuchinjwa yeye atakwambia bado. Nikaingia bandani, nikaitazama ya kijani na tenki lake lililobonyea, nikaitazama nyeusi, na nyeusi, jamani, ilikuwa imefungwa utepe mwekundu. Tepe mbili, safi kabisa, pale mbele kikapu kinaposhikana na pikipiki. Nikasema, loo, mzee wa watu alikuwa ameshaanza kuipamba kwa harusi, mgongo ukamkatiza.

(Mimi nilikuwa nimetoka Mawengi kumzika binamu yangu, nimekaa huko wiki mbili. Katika wiki hizo Klausi, kwa vile siku hizi anasahau, alikuwa amejianzishia utaratibu wake: bolti yoyote ambayo hajaikaza, anaifunga utepe mwekundu ili akirudi aikumbuke. Nani aliniambia? Hakuna aliyeniambia.)

Nikachukua nyeusi. Hilo tu ndilo kosa langu, mengine yote yalijizaa yenyewe. Tena mke wangu alipoona zile tepe akafurahi, akaenda sokoni akaleta nyingine za rangi ileile, tukaongeza kumi na moja.

Jumamosi alfajiri mke wangu akapanda basi, mimi nikashika barabara ya Makambako na gunia la viazi ndani ya kikapu, maana Klausi alinifundisha kikapu hakiendi kitupu, kitainuka. Karibu nafika nikaanza kusikia ko, ko, ko, kama kuku anadonoa bati. Nikajiambia ni viazi.

Kwa shemeji Festo ndiko anakoishi mama mkwe wangu, mwenye miaka themanini na minne, na hapa lazima nisimame niwaeleze vijana, kwa sababu siku hizi mnakula na wakwe zenu sahani moja. Sisi hatukuwa hivyo. Mama mkwe humpi mkono, hukai naye benchi moja, mkikutana njiani unaingia majanini apite. Kwa miaka arobaini na miwili mama yule hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Nikiwa nimesimama mbele yake atamwambia mtu mwingine, kwa kilugha chetu, "Mwambieni mkwe chai ipo," na mimi namwambia yule mtu, "Mwambie mama ahsante." Na siku nilipokwenda kuposa alituma neno moja tu: binti atatoa, lakini kwa mlevi hatoi. Nikaahidi mbele ya wazee sitagusa pombe. Heshima yangu yote kwa mama yule ilikaa juu ya mambo hayo mawili, umbali na ahadi.

Umbali nilikuwa nimeutunza. Ahadi, basi, ukweli mtauona mbele.

Gari la kuwachukua wazee lilipata pancha huko lilikoenda kuleta keki. Festo alikuwa ameshatangulia kanisani. Kulikuwa na kosta ya akina mama, lakini ngazi yake ni ndefu na magoti ya mama mkwe yamechoka, gari la bibi harusi limejaa wapambe, na bibi harusi alikuwa ameapa haingii kanisani bila bibi yake kukaa benchi la mbele. Matarumbeta yameshaanza, watu wanaangalia saa. Mke wa Festo akanigeukia.

"Shemeji, si una kiti hapo?"

"Nimpakie mama mkwe? Mimi?"

"Kwani atakushika kiuno? Kiti ni chake, kina gurudumu lake. Huyo hujampakia, mmeongozana tu."

Watu wakajadili, mmoja akasema ni sawa na kupanda basi ambalo dereva ni mkweo, mwingine akasema lakini basi lina watu wengine, na wakati wanajadili ikatoka sauti barazani.

"Mwambieni mkwe atoe viazi."

Basi, nani abishe? Tukatoa viazi. Wakamwingiza, wakamfunika khanga miguuni, wakamvisha kofia ya ngozi ya Klausi juu ya kilemba chake cha kanisa, na ile miwani mikubwa ya vumbi, akawa kama rubani. Mke wangu akanisogelea sikioni.

"Baba Yohana, ukimwangusha mama yangu usirudi Njombe. Pitiliza mpaka Dodoma."

Msafara ukapangwa: mimi mbele, nyuma yangu pikapu ya matarumbeta, halafu gari la bibi harusi, halafu kosta. Madereva walikuwa wageni, wametoka Iringa, wameambiwa neno moja tu, fuateni kikapu. Tukaenda vizuri, polepole, mwendo wa kutembea, watu wanapiga vigelegele njia nzima, mama mkwe anapunga mkono kama kiongozi, na mimi nakiri moyo ulivimba. Tukaacha lami, tukashika njia ya udongo ya kuelekea kanisani. Pale kuna shimo la mvua. Tairi likaingia, likatoka, na chini nikasikia, kah!

Kikapu kikafungua mdomo. Nyuma bado kimeshika, mbele kimeachia, kikaanza kugeukia kulia kama mlango unaofunguliwa na upepo, kikiivuta pikipiki nzima. Navuta usukani kushoto, unakataa. Breki ya ghafla siwezi, mama atarushwa. Basi tukawa tunakwenda kulia, kwa upole kabisa, mwendo uleule wa harusi, na mbele yangu nikaona lango la mianzi, nikalitambua, nikasema Mungu wangu, popote, hata kwenye mtaro, lakini si hapo.

Ulanzi, kwa wasioujua, ni maji ya mwanzi. Unakata ncha ya mwanzi mchanga, unatega kopo, utomvu unadondoka, ukiunywa asubuhi ni mtamu kama soda, ukiunywa jioni unakusukuma. Na Makambako, ndani ya lango lile la mianzi, anauza Mama Rehema. Na mimi, kila ninapokwenda Makambako kutafuta spea, napita pale kikombe kimoja. Viwili, kiu ikiwa kali. Miaka mingi.

Tukaingia. Tukaenda moja kwa moja mpaka benchi la kwanza, benchi likasukuma meza, meza ikapinduka, na ndoo ya ulanzi iliyokuwa juu yake ikamwagika yote ndani ya kikapu, mapajani mwa mama mkwe, na mwingine usoni. Nikazima. Nikadhani mabaya yameisha. Nyuma yangu pikapu ya matarumbeta ikaingia inapuliza, gari la bibi harusi likaingia, kosta ikakwama langoni ikipiga honi ya furaha. Wanywaji wote wakasimama, wakaanza kucheza.

"Kamwene, Baba Yohana!" Mama Rehema akatoka jikoni anapiga makofi. "Leo umetuletea na ukoo mzima! Kikombe chako cha bluu nimekiosha, nikuletee?"

"Jumamosi mbili hatujakuona!" mlevi mmoja akapaza sauti. "Tulishaanza kuulizana msiba uko wapi!"

Matarumbeta yakanyamaza, moja baada ya jingine. Lile kubwa ndilo lililochelewa. Mke wangu kichwa kiko nje ya dirisha la kosta. Mama mkwe amekaa wima ndani ya kikapu, ulanzi unadondoka kwenye miwani. Wa kumtoa hayupo, Festo yuko kanisani, akina mama wamezibwa langoni, na wanaume waliokuwa karibu hawakuweza hata kujishika wenyewe. Akawatazama. Akavua miwani. Akanigeukia.

"Mkwe."

Mara ya kwanza kwa miaka arobaini na miwili. Nikashuka kwenye pikipiki.

"Nishike mkono. Aibu ya leo imeshapita aibu ya mkono."

Nikamshika. Mkono ulikuwa mwepesi, wa moto, una sugu za jembe kama za marehemu mama yangu. Nikamtoa, nikamwongoza mpaka gari la bibi harusi, mpambe mmoja akampisha kiti.

Kanisani harufu ilijaa mpaka benchi la nne. Mzee wa kanisa akapita, akanusa, akatazama watu, na kwa vile habari zilikuwa zimeshatutangulia akanikazia macho mimi, akatikisa kichwa. Mama mkwe alikuwa benchi la mbele, amejifunika khanga ya kuazima. Nikainamisha kichwa, nikakubali harufu ni yangu. Ndiyo heshima pekee niliyokuwa nimebaki nayo ya kumpa.

Pikipiki ilirudi Njombe juu ya lori la viazi. Klausi, nilipomweleza, aliuliza kwanza, "Bibi ameumia?" Nikasema hapana. Ndipo akajikokota mpaka bandani, akainama, akaanza kushika tepe.

"Huu wangu. Huu wangu. Na hizi zote?"

"Pambo," nikasema.

Akacheka huku ameshika mgongo, machozi yanamtoka, sikujua ni ya kicheko au ya maumivu. Kisha akanionyesha pale bolti ilipokuwa, akanieleza maana ya utepe, nikatamani ardhi ya Mjimwema inimeze.

Baada ya wiki mbili mama mkwe akaniita Makambako. Nikaenda na jogoo na kitenge kipya, maana jambo kama lile huendi mikono mitupu. Nikakaa mbali, karibu na mlango, nikangoja aseme na mtu. Hakutafuta mtu.

"Mkwe, uliniahidi."

"Niliahidi, mama."

"Ukanywa."

"Nikanywa, mama."

Akamshika yule jogoo kifua kuona kama ana nyama.

"Ule ulanzi umetiwa maji," akasema. "Uliniingia mdomoni, nikajua. Anayevunja ahadi kwa ajili ya ulanzi ni mlevi. Anayevunja kwa ajili ya maji ni mjinga. Nilimpa binti yangu mjinga, wala sikujua." Akamweka jogoo chini. "Usiende tena kule. Na mwambie Mjerumani wako sijamaliza safari. Aliyenipeleka hakunifikisha."

Kwa Mama Rehema sijarudi, na kikombe cha bluu nasikia amepewa mtu mwingine. Siku hizi Klausi, mgongo ukimruhusu, Jumapili moja kwa mwezi anateremka Makambako na ile ya kijani, bolti zote amezikagua mara mbili, mama mkwe anakaa ndani ya kikapu na kofia yake ya ngozi, wanakwenda kanisani, wanaongea Kiswahili ambacho hakuna hata mmoja wao anayekijua vizuri.

Mimi nawafuata kwa basi. Na nikiona utepe, hata ukiwa kwenye keki, nauliza kwanza.