Mkia wa Mwewe

Harufu ya pumba iliyoloa hunirudisha uani kwa bibi, baridi ya Mufindi ikiuma vidole. Alikuwa akiwamwagia kuku pumba, mara mama kuku akalia kwa hofu.

"Angani kuna nini? Mkia wake ukoje?" bibi aliuliza, bila kuinua uso.

"Una panda, bibi, kama manati."

"Huyo mwewe. Mfukuze!"

Mkia usio na panda ni wa kipanga, alisema. Huyo tumwache awale ndege wanaomaliza ulezi wetu. Kila asubuhi aliniuliza, hata nikachoka. Nilidhani ananifundisha tu.

Leo nimemwaga pumba uani kwangu, kuku akalia. Nimeinua uso, macho yangu ya uzee yameona weupe mtupu.

Nimemwita mjukuu wangu. "Hebu tazama juu, mama. Mkia wake ukoje?"