Muuguzi Anayeketi Nyuma ya Mtoto

Saa moja asubuhi, Mama Godelieve anatandika mkeka katika wodi ya watoto, hapa Kalemie, na kupanga juu yake kikombe, kitana, kijiko na samaki mkavu. Kisha anafanya jambo linalowashangaza wageni: anaketi nyuma ya mgonjwa wake.

Mgonjwa ni Bertille, binti wa miaka tisa kutoka Zongwe. Malaria ilimpanda kichwani akiwa mdogo, ikachukua mikono na ulimi. Yamebaki macho tu. Kituo cha watoto walemavu kitampokea iwapo hospitali itathibitisha kwamba anaelewa anachoambiwa. La sivyo, atarudi kulala chumbani maisha yake yote.

Mwezi uliopita ilisemwa haelewi. Kipimo kilitoka Ulaya na picha zake za zabibu na koti la baridi, vitu asivyowahi kuviona. Mtoto anatakiwa atazame picha, halafu amtazame muuguzi usoni. Bertille aliinamisha macho mwanzo hadi mwisho.

"Mimi njo nilimufundisha," anasema mama yake, Constance. "Mutoto wa heshima haangalie mukubwa mu macho."

Maskini, heshima yake ndiyo iliyomponza. Kwa hiyo leo Godelieve anauliza akiwa nyuma, na mwenzake, Papa Mwamba, anachungulia kutoka pembeni.

"Bertille, tunachanulia nywele nini?" Macho yanakwenda kwenye kitana.

"Papa yako anavua nini?" Samaki. Hakosei hata mara moja.

Furaha haidumu. Wauguzi wa wodi ni hao wawili tu, mishahara haijaonekana tangu Pasaka, na nje akina mama wamejaa na watoto wenye homa.

"Ninakuamini, Mama Godelieve," anasema Daktari Symphorien kwa uchovu. "Lakini kituo kinataka kipimo kile cha Ulaya. Na nikikupa Mwamba kila asubuhi mrudie kupima hivi, nani atawawekea wagonjwa serumu mshipani?" Si mtu mbaya, na hilo linauma zaidi.

Constance hawasikilizi. Amemkazia macho mwanawe.

"Sasa yote tulisema pembeni yake... Nilisema heri akufe, nipumuzike. Alisikia?"

"Alisikia, mama," anajibu Godelieve.

Constance anajifunika uso kwa kitenge na kulia kwa sauti.

Jumatatu Godelieve atambeba Bertille mgongoni hadi kituoni, akamwombe mkurugenzi amjaribu mwenyewe. Anajua huenda wakafukuzwa mlangoni. Lakini ombi lake jingine halingoji Jumatatu, na analitoa kwa wodi nzima.

"Hata wakimukatala," anasema, "musiongee tena habari ya kufa mbele ya mutoto mwenye hasemi."