Mwerezi Ulioelemewa na Theluji

Siku yangu ya kwanza kazini niliamkia theluji. Nilikuwa nimetoka Pemba, kwenye mashamba ya karafuu, nikapata kibarua katika bustani ya umma huku Lewisham, London. Nilidhani siku kama ile watu hurudi kulala. Kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Mkuu wa Bustani, Mwingereza mwenye ndevu nyingi na maneno machache, alinipeleka moja kwa moja kwenye mwerezi mkongwe uliotanda juu ya njia. Ofisi ya halmashauri ilikuwa imeshamwonya kwamba tawi moja zaidi likivunjika, mti unakatwa. Naye aliupenda kama mtu wa nyumbani kwake. Matawi yalikuwa yameinama kwa theluji ya majimaji, ambayo ni nzito kuliko ile kavu ya ungaunga.

Mimi mchuma karafuu nikanyakua reki, nikalinasa tawi ili nilivute chini, kama tulivyozoea kwetu.

“Wacha!” akapiga ukelele. “Limeshapinda, ukilivuta utalimaliza. Shika fagio, sukuma kwenda juu. Na anza na matawi ya chini.”

“Si theluji ya juu itayaangukia tena?”

“Itayaangukia, lakini yatakuwa mepesi, yatahimili.”

Tukasukuma mpaka theluji ikaniingia kwenye kola na mgongo ukalowa. Likabaki tawi moja kubwa, limegandwa na barafu. Nikainua fagio nilipige, akanishika mkono. Tawi lililoganda hukatika kama biskuti, kwa hiyo huachiwa jua. Basi tukasimama na vikombe vya chai, roho juu. Alasiri barafu ikaporomoka, na tawi likapanda polepole mpaka mahali pake. Mkuu alicheka, akanipiga bega, akaniita “Karafuu”. Nilifurahi mno, na jina likanifuata kila nilikohamishiwa.

Kwenye bustani ya hospitali, Msimamizi, mama mkali, alinifunza kwamba chumvi ya kuyeyushia barafu njiani huua majani, na kwamba theluji iliyofunika maua mafupi iachwe, ndiyo blanketi lao. Baadaye nilirudishwa Lewisham, mkuu mimi.

Sasa nimestaafu. Subira huvuta heri, wamesema wahenga. Mimi nimeiona ikiinua tawi.

Theluji ilipoanguka majira haya, mke wangu alinikuta mlangoni nimevaa buti, fagio mkononi.

“Weye mzee, wapi na baridi hii? Si umeshastaafu?”

“Mimi nimestaafu,” nikamjibu. “Mwerezi je, umeambiwa?”

Akacheka, akaenda kutafuta buti zake.